Sikio la Mgeni Mbulu: Maisha ya W. H. Whiteley na Misingi ya Fonetiki na Fonolojia

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza isimu huelezwa mapema kwamba fonetiki na fonolojia ni matawi mawili yanayoshughulikia kitu kimoja, yaani sauti za lugha. Fonetiki huchunguza namna sauti zinavyotamkwa, zinavyosafiri hewani na zinavyosikiwa, bila kujali zimetoka katika lugha gani. Fonolojia huchunguza namna lugha moja mahususi inavyozipanga na kuzitumia baadhi ya sauti hizo ili kutofautisha maana. Ufafanuzi huu huonekana mwepesi unapotolewa kwa mifano ya Kiswahili pekee. Ugumu wake hujitokeza pale mtafiti anapokutana na lugha ambayo sikio lake halijaizoea, na hana budi kuamua ni tofauti zipi za kusikika zina uzito na zipi hazina.

Miongoni mwa wanaisimu waliokabiliwa na uamuzi huo katika Tanganyika ya kikoloni ni Wilfred Howell Whiteley (1924-1972). Jina lake hutajwa zaidi katika taaluma ya Kiswahili: lahaja, unominishaji wa maneno ya mkopo, uelekezi wa vitenzi na historia ya kukua kwa lugha hiyo. Upande mwingine wa maisha yake, ambao ni uchunguzi wa lugha ya Kiiraqw ya Mbulu, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, ni upande huo unaodhihirisha vizuri zaidi thamani ya misingi ya fonetiki na fonolojia, na pia mgongano uliomo katika kazi ya mtu aliyeajiriwa kukuza lugha moja huku akiandika habari za nyingine ambayo lugha hiyo ya kwanza ilikuwa inaanza kuifunika.

2.0 Kutoka Anthropolojia hadi Isimu

Whiteley aliingia katika isimu kwa mlango wa anthropolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichapisha kazi ya kiethnografia juu ya Wabemba na jamii jirani za Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1951 aliandika juu ya istilahi za ujamaa na irabu ya mwanzo, na mwaka 1954 juu ya serikali za mitaa miongoni mwa Wamakua. Makala ile ya irabu ya mwanzo ni kielelezo cha njia aliyokuwa akiielekea. Swali lake lilianzia katika jamii, lakini jibu lilitegemea kijisauti kimoja kilichotangulia nomino. Mtafiti asiyekisikia kijisauti hicho, au aliyekisikia asikipe uzito, hangeweza kuuona ukoo uliokuwa nyuma yake.

Mwaka 1952 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa Kiswahili, ilihamishiwa Makerere, Uganda, na kuwekwa karibu na Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Ni katika mazingira hayo ya Makerere ambamo Whiteley alifanya kazi yake katika sehemu kubwa ya miaka ya 1950, akiitumikia Kamati na kulihariri jarida lake. Hali hiyo ilimweka katika nafasi ya pekee. Kwa upande wa Kamati alikuwa mlinzi wa lugha iliyosanifishwa juu ya msingi wa lahaja ya Unguja. Kwa upande wa Taasisi alikuwa mtafiti wa lugha yoyote iliyosemwa katika nchi hizo, kubwa kwa ndogo.

Hakulifungia jicho jukumu lolote kati ya hayo mawili. Mwaka 1956 alitoa uchunguzi wa Kimtang'ata, lahaja ya pwani iliyopo kati ya Tanga na Pangani. Mwaka 1958 akatoa kazi juu ya lahaja na mashairi ya Pemba. Katika kipindi hichohicho aliandika juu ya Kigusii, na alitafsiri kwa Kiingereza maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Katikati ya shughuli hizo ndipo zilipotokea kazi zake juu ya Kiiraqw: utangulizi wa mwaka 1953, maelezo mafupi ya kategoria za vipashio ya mwaka 1958, na makala juu ya mzizi wa kitenzi ya mwaka 1960.

3.0 Mbulu na Hanang kama Uwanja wa Lugha

Wakati huo wilaya ya Mbulu ilikuwa pana kuliko ilivyo sasa. Ilijumuisha eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa wilaya ya Hanang, pamoja na Babati na Karatu. Mkoa wa Manyara, ambao leo unazibeba Mbulu na Hanang, ulianzishwa mwaka 2002, miaka 30 baada ya kifo cha Whiteley.

Ni vigumu kupata sehemu nyingine ya Afrika Mashariki iliyokusanya jamii za lugha zenye asili mbalimbali namna hii katika eneo dogo kama hilo. Katika milima inayoanzia Kainam, kitovu cha Wairaqw, husemwa Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, na ndugu yake Kigorowa husemwa upande wa Babati. Kuuzunguka Mlima Hanang wanaishi Wadatooga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Kuna pia wasemaji wa lugha za Kibantu, kama Kimbugwe na Kinyiramba. Katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko, na ambayo wataalamu wengi wa sasa huihesabu kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana.

Mtafiti aliyezoea lugha za Kibantu, kama alivyokuwa Whiteley kutokana na Kibemba, Kimakua na Kiswahili, hakuweza kuyategemea mazoea hayo katika milima ya Mbulu. Ngeli alizozifahamu hazikuwapo. Badala yake kulikuwa na jinsi ya kike, ya kiume na isiyo ya kike wala ya kiume. Lakini kabla hata ya kulifikia suala la sarufi, ilibidi sauti zenyewe zikamatwe.

4.0 Sauti za Kiiraqw na Dhana za Msingi

4.1 Mkondo wa hewa na mahali pa kutamkia

Sauti nyingi za Kiswahili hutolewa kwa hewa itokayo mapafuni. Kiiraqw kina sauti za aina hiyo, lakini kina pia konsonanti mbili ambazo hutolewa kwa namna nyingine, nazo huandikwa ts na tl. Katika kuzitamka, glota hufungwa kabisa na zoloto hupandishwa, hewa iliyonaswa baina ya glota na ulimi hubanwa, kisha huachiwa kwa mlipuko mkali. Mapafu hayahusiki katika mlipuko huo. Msemaji wa Kiswahili cha pwani anayo hali iliyo kinyume chake bila kujitambua: anapotamka b au d ya maneno kama baba na dada, zoloto huteremshwa, na hewa huelekea kuvutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Kwa hiyo dhana ya mkondo wa hewa si jambo la kigeni kwa Kiswahili. Kiiraqw huiweka tu mahali ambapo haiwezi kupuuzwa.

Mahali pa kutamkia nako hupanuka. Kiiraqw kina kikwamizi cha pembeni, kinachoandikwa sl, ambacho hutamkwa kwa kuibana hewa ikapita ubavuni mwa ulimi bila mghuno. Kina kipasuo q, kinachotamkwa nyuma zaidi kuliko k, penye kimio. Kina vikwamizi viwili vya koromeo, kisichoghuna kinachoandikwa hh na kinachoghuna kinachoandikwa kwa alama ya mkwaju. Vikwamizi hivi viwili havitamshangaza msomi aliyesoma Kiarabu, kwa kuwa vinafanana na sauti za herufi hā na ayn.

Kuhesabu tu katika Kiiraqw kunatosha kumwonyesha mwanafunzi uzito wa jambo hili. Mbili ni tsar, nne ni tsiyahh, sita ni lahhoo', na saba ni faanqw. Ndani ya maneno hayo manne kuna konsonanti ya mlipuko wa glota, kikwamizi cha koromeo, irabu ndefu, kizuio cha glota mwishoni mwa neno, na kipasuo cha kimio kinachotamkwa huku midomo ikiviringwa. Ng'ombe ni slee na mvua ni tluway. Mtu asiyefunzwa fonetiki atayaandika maneno haya kwa kadiri ya alfabeti aliyonayo, na kila kosa litakuwa na sababu inayoelezeka: atakuwa ameisikia sauti ya jirani yake iliyomo katika lugha yake mwenyewe.

4.2 Fonimu na alofoni

Hapo ndipo fonetiki inapokabidhi kazi kwa fonolojia. Kujua kwamba sauti mbili hutofautiana kimatamshi hakutoshi. Ni lazima ijulikane kama tofauti hiyo hubadili maana. Sauti mbili zinapobadili maana, kama p na b katika jozi ya pata na bata, huwa ni fonimu mbili. Zinapokuwa ni namna mbili za kutamka kitu kilekile, huwa ni alofoni.

Mfano unaofaa ni wa h na kh. Katika Kiswahili wasemaji wengi husema heri mahali ambapo wengine husema kheri, na habari mahali ambapo wengine husema khabari. Maana haibadiliki, tofauti hiyo huashiria zaidi elimu au mahali pa msemaji. Kiiraqw hutofautisha si mbili bali tatu: h ya glota, hh ya koromeo, na x inayokaribiana na kh. Zote tatu ni fonimu. Mtafiti anayeingia Mbulu na sikio la Kiswahili atazikusanya tatu hizo katika fungu moja, naye atadhani kwamba wasemaji wanabadilisha matamshi ovyo, ilhali wao wanasema maneno tofauti. Tofauti ileile ya kifonetiki ina hadhi mbili za kifonolojia katika lugha mbili. Hakuna kifaa cha kupimia sauti kinachoweza kulijibu swali hilo. Hujibiwa na wasemaji, kwa kulinganisha maneno yao moja baada ya jingine.

4.3 Urefu na toni

Irabu za Kiiraqw ni tano, kama za Kiswahili, lakini kila moja huweza kuwa fupi au ndefu. Zaidi ya hapo, lugha hiyo hutumia toni ya juu na ya chini. Toni hizi hazikai katika msamiati tu. Nomino inapofuatwa na kivumishi au na jina la mmiliki, mwisho wake hubadilika na kupokea toni ya juu, na badiliko hilo ndilo linalounganisha maneno hayo mawili, kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na neno kama -a unganifu. Mwandishi anayeiacha toni kwa kuidhani kuwa ni pambo la usemi huwa ameiacha sehemu ya sarufi.

Ni kwa sababu hiyo kazi ya Whiteley ya mwaka 1958 ina umuhimu katika historia ya taaluma. Jina lake lenyewe, lililohusu kategoria za vipashio, linaonyesha kwamba hakukusudia kuzihamisha aina za maneno za Kilatini au za Kibantu na kuzibandika juu ya Kiiraqw. Aliongeza humo data za Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge, lugha tatu zilizo karibu na Kiiraqw, hata ulinganisho ukawezekana. Ulinganisho wa namna hiyo hutegemea usahihi wa sauti: lugha mbili haziwezi kuthibitishwa kuwa ndugu kwa maneno ambayo konsonanti zake zimesikiwa vibaya. Udadisi huohuo ulimfikisha kwenye lugha ya Wambugu wa Usambara, yenye msamiati wa Kikushi ndani ya viambishi vya Kibantu, ambayo aliijadili mwaka 1960 katika makala yake juu ya machotara ya kiisimu.

5.0 Kati ya Kamati na Mbulu

Kazi ya Kamati ya Kiswahili ilikuwa ni kupunguza tofauti. Usanifishaji huchagua, na kila uchaguzi huacha kitu nje. Kiswahili chenyewe kililipa gharama hiyo. Katika lahaja ya Mombasa, paa wa mwituni na paa la nyumba hutofautishwa kwa mpumuo unaofuata p; maandishi sanifu, yaliyojengwa juu ya uamuzi wa mwaka 1928 wa kuichagua lahaja ya Unguja, hayana alama ya mpumuo huo. Whiteley, aliyezichunguza lahaja za Pemba na Mtang'ata huku akiitumikia Kamati, aliziona pande zote mbili za jambo hili ndani ya lugha moja.

Mbulu ililifanya suala hilo kuwa zito zaidi. Mtoto wa Kiiraqw aliyepelekwa shuleni alifundishwa herufi zilizopangwa kwa ajili ya Kiswahili. Herufi hizo hazikuwa na nafasi ya sl, tl, hh wala mkwaju, wala hazikuwa na njia ya kuonyesha toni. Lugha isiyoweza kuandikwa kwa herufi za shule huelekea kuonekana kuwa haiandikiki kabisa, na kutoka hapo si mbali kufikia dhana kwamba haina kanuni. Uchambuzi wa fonimu ndio unaoibatilisha dhana hiyo, kwa sababu huonyesha kwamba kile kinachosikika kuwa ni mkwaruzo wa koo ni kiungo katika mfumo wenye mpangilio kamili.

Hata hivyo maisha ya Whiteley yalielekea zaidi upande wa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alishika uprofesa wa lugha na isimu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, katika kipindi ambacho Kamati ilikuwa ikigeuzwa, mwaka 1964, kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili. Baada ya hapo alikuwa profesa wa lugha za Kibantu katika Shule ya Taaluma za Mashariki na Afrika ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1966 alitoa uchunguzi wa sentensi za Kiyao, mwaka 1968 kazi juu ya uelekezi katika Kiswahili, na mwaka 1969 kitabu juu ya kukua kwa Kiswahili hadi kuwa lugha ya taifa, kilichosomwa kuliko kazi zake nyingine zote. Mwaka 1968 na 1969 aliongoza nchini Kenya uchunguzi mpana wa matumizi ya lugha. Alifariki mwaka 1972 kabla ya kufikisha umri wa miaka 50, na kitabu cha uchunguzi huo wa Kenya kilitoka mwaka 1974 bila yeye kukiona.

Sarufi kamili ya Kiiraqw hakuiandika. Alichokiacha ni utangulizi, maelezo mafupi na makala. Upungufu huu haupaswi kufichwa wala kukuzwa. Mtu mmoja aliyegawanyika kati ya ofisi, jarida, lahaja na lugha za makundi mbalimbali hakuweza kuimaliza kazi inayodai miaka mingi ya kukaa na wasemaji. Lakini gharama yake ililipwa na lugha yenyewe, kwa kuwa katika miaka ileile ambayo Kiswahili kilipata kamusi, vitabu vya shule na taasisi, Kiiraqw kilibaki na kurasa chache tu zilizosomwa na wataalamu wachache.

6.0 Hitimisho

Waliofuata walijenga juu ya msingi huo. Christopher Ehret alitoa mwaka 1980 uundaji upya wa kihistoria wa sauti na msamiati wa lugha za Kikushi cha Kusini. Frøydis Nordbustad alichapisha sarufi ya Kiiraqw mwaka 1988, na Maarten Mous akachapisha nyingine mwaka 1993. Mwaka 2002 ilitoka kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya Mous, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Roland Kießling. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha pia kwamba konsonanti za pembeni na zile za mlipuko wa glota si mali ya Kiiraqw pekee. Hupatikana vilevile katika Kihadza na Kisandawe, kiasi kwamba eneo hilo la Bonde la Ufa huchukuliwa kuwa ni uwanja mmoja ambamo lugha zisizo za ukoo mmoja zimeathiriana kwa kuishi pamoja.

Kwa mwanafunzi wa fonetiki na fonolojia, maisha ya Whiteley yana mafunzo mawili. La kwanza ni la kitaaluma: orodha ya sauti si mfumo wa sauti, na mfumo wa lugha moja hauwezi kupimwa kwa kipimo cha nyingine, hata kama nyingine hiyo ni lugha ya taifa. La pili linahusu wajibu. Kila alama inayochaguliwa au kuachwa katika kuiandika lugha ni uamuzi juu ya kile ambacho wasemaji wake wataweza kukisoma na kukirithi. Whiteley alikuwa mgeni Mbulu, na kazi aliyoianza huko aliiacha ikiwa haijakamilika. Lakini alizichukulia sauti alizozikuta huko kuwa ni mfumo wenye kanuni zake, na ndiyo sababu waliomfuata walikuwa na mahali pa kuanzia.